Matundu ya Misumari

Kabla ya kuwasha tanuri, saa nane za usiku,
natoka ua wa nyuma na kikombe cha chai.
Tochi nimeivisha soksi nyekundu ya Mateo
ili macho yasilisahau giza.
Punta Arenas imelala. Upepo haujalala;
hapa upepo ndiye mwenye nyumba, sisi wapangaji.

Ramani ya kwanza niliirithi.
Babu Stipan aliibeba kutoka kisiwa cha Brač
kati ya shati na ngozi, chini kabisa ya meli,
karatasi ngumu yenye harufu ya tumbaku.
Nyota ya Kaskazini imepigiwa duara la wino,
Dubu Mkubwa anaizunguka
kama ngamia wa kinu cha ufuta.
Miaka miwili nilimtafuta dubu huyo.
Nililaumu mawingu, nikalaumu miwani,
nikalaumu taa za bandari.
Hakuna aliyeniambia kwamba huku kwetu
hachomozi kamwe, hata kwa bahati.

Ya pili niliinunua: sahani mbili za plastiki,
unazungusha tarehe mpaka ikutane na saa
na mbingu inajipanga kwenye dirisha lake.
Ilitengenezwa Santiago.
Ilisema kwamba mwezi wa Juni, usiku wa manane,
Suheli itazama upande wa kusini.
Nikavaa makoti mawili, nikaingoja izame.
Ikashuka. Ikafika bomba la moshi la Bi Oyarzún,
ikasita pale, kama mtu aliyesahau ufunguo,
kisha ikaanza kupanda.

Nilicheka peke yangu mpaka mbwa wakabweka.
Sahani haikusema uongo.
Ilisema kweli ya Santiago,
na kweli nayo ina anwani.

Ya tatu, nakala ya nakala, ya mwalimu Barría,
ilikuwa na nyota kando ya Msalaba wa Kusini
niliyoisaka kwa darubini majira yote ya baridi.
Nikaenda kumwuliza. Akatoa ile ya asili,
akavaa miwani, akaikwangua kwa ukucha.
"Bi Neda," akasema, "hii kazi ya inzi."

Akanipa chai, akanipa na somo:
Kwanza tazama pembeni, pameandikwa nyuzi ngapi.
Kama si hamsini na tatu, tena kusini,
hilo ni pambo la ukutani.
Halafu mwaka.
Na ukiona taa kubwa isiyomo kwenye ramani
usikimbie kuipa jina la mama yako;
ni Mushtarii, anahama, hana makazi ya kuchorwa.
(Nilinyamaza. Nilikuwa nimeshaipa.)

Mwezi uliopita fremu ya babu ilipasuka.
Nikaitoa karatasi kwenye kioo, nikaigeuza mwangani,
na pale chini, kwenye pindo, pembe zote mbili,
nikaona matundu ya misumari, yana kutu.
Pembe za juu zina matundu mapya tu,
ya mama, baada ya maziko.
Mama alizoea kusema, mzee alikuwa amelewa
siku alipoitundika miguu juu.

Agosti, Jabari alipochomoza juu ya mlango-bahari
upanga juu, kichwa chini,
niliishika ramani kwa jinsi ya misumari ya kwanza.
Nyota moja ikajibu. Ya pili. Mkanda wote.
Mzee hakuwa amelewa.
Alikuwa amefika.

Sasa ninazo zote nne, maana ya nne naichora mimi,
kwa penseli, kidogo kidogo, usiku usio na mawingu,
na hizo hapa ni za kuhesabu vidoleni.
Suheli nimeiandikia: haizami.
Dubu nimemwachia nafasi tupu, kwa heshima.

Mateo, ikikufikia siku moja,
usiiamini kwa sababu ni ya mama.
Toka nje nayo, igeuze, bishana nayo.
Na hivyo vidoa vyeupe karibu na Kilimia
usivitafute angani, mwanangu.
Ni unga.